Mkono Ulioshikwa Hauvai Glavu

Siku yangu ya kwanza kazini nilishindwa kuiona sukari niliyoikoroga kwa mkono wangu mwenyewe. Ilikuwa Jumatatu, katika maabara ya hospitali moja mjini Kasese, chumba chenye dirisha moja lililotazama milima na meza ya saruji iliyoliwa na asidi. Nilikuwa nimetoka Bwera na barua ya kazi ndani ya msahafu, maana msahafu ndicho kitu pekee nilichokuwa na hakika kwamba sitakipoteza njiani.

Mkuu wa maabara alikuwa mzee wa Kikonzo, mlokole, mwembamba, koti lake jeupe limefungwa vifungo vyote hadi shingoni. Hakuniuliza nimesoma wapi. Alinipa kikombe cha maji na kopo la sukari ya chai.

"Tia vijiko vitatu. Usinionee huruma. Koroga. Sasa pima."

Kipimo kilikuwa maji ya buluu, nami nilikuwa nimekisoma chuoni. Siku hizo hicho ndicho kilikuwa kipimo cha kwanza kwa mtu yeyote aliyeshukiwa kuwa na ugonjwa wa sukari. Unatia maji hayo, ambayo rangi yake inatokana na shaba, ndani ya neli ya kioo. Unadondosha matone manane ya mkojo. Unachemsha juu ya taa ya spiriti. Yakibaki buluu, hujaona sukari. Yakigeuka kijani, kisha njano, kisha rangi ya chungwa, hadi wekundu wa tofali, sukari ipo, na kadiri yanavyokaribia tofali ndivyo ilivyo nyingi.

Nikachemsha. Buluu. Nikarudia. Buluu ileile. Nyuma ya mlango niliwasikia wenzangu wapya wakizuia kicheko. Mkuu akachukua kikombe, akanywa maji yaliyobaki, akajifuta midomo.

"Tamu kabisa. Nani mwongo hapa, ulimi wangu ama neli yako?"

"Sijui, Mkuu."

"Hakuna mwongo. Sukari ya chai ni ya aina ambayo shaba haiioni. Kila kipimo kina swali lake, kijana. Kazi yako ni kujua umeuliza swali gani."

Kila mgeni alipokewa hivyo. Mchana alinionyesha rejista, daftari kubwa la majibu, na sheria yake moja: tunaandika kwa wino, hatufuti. Ukikosea, unapitisha mstari mmoja juu ya kosa, mwembamba, ili atakayekuja baadaye aweze kulisoma lile kosa. Halafu unaandika lililo sahihi na kutia sahihi yako pembeni. Ilipofika adhuhuri nikamwomba mahali pa kuswali. Alinifungulia stoo, akasimama mlangoni. Mtu akaja kuniulizia, nikamsikia Mkuu akisema, "Ngoja. Musa yuko na Mkubwa wake."

Nilikaa chini ya mzee yule miaka minne. Nilijifunza kuhesabu chembe za damu kwa darubini ya kioo cha kugeuzia jua, kupaka rangi slaidi za malaria, kupima choo bila kukunja uso mbele ya mgonjwa. Halafu nikahamishwa karibu na nyumbani, kwenye kituo kidogo cha afya upande wa Bwera, ambako maabara nzima ilikuwa mimi, meza, na dirisha.

Katika kituo kile tuliwapokea watu wa kila namna: wakulima wa kahawa walioshuka kutoka Kyondo, madereva wa malori na wachuuzi Waislamu wenzangu wa sokoni, na watu wa ng'ambo ya mpaka wenye Kiswahili chao cha Kongo ambacho kwa kweli ndicho tulichokuwa tukiongea sote. Kila mfanyakazi wa kituo aliitwa musawo, yaani mganga, awe daktari ama mfagiaji. Juu yangu alikuwa afisa tabibu, ndiye aliyetibu. Mtu mwepesi wa hasira na mwepesi wa kusamehe, aliyeandika dawa huku akitembea.

Hapo ndipo stripu zilipotufikia. Vijana mnaozitumia leo hamjui furaha ile. Stripu ni kijiti cha plastiki chembamba chenye karatasi ndogo kwenye ncha. Unaichovya katika mkojo, unahesabu kidogo, unalinganisha rangi na picha zilizo kwenye kopo. Hakuna moto, hakuna neli ya kupasuka. Ila zilikuja chache, kopo moja kwa miezi mingi, kwa hiyo tulikuwa na desturi ambayo nasikia ilikuwepo vituo vingi: tulizipasua kwa wembe, kwa urefu wake, moja ikawa mbili. Nilikuwa fundi wa kupasua. Nilinyoa mkono wangu kwanza kuujaribu wembe, nikasema Bismillahi, nikapasua bila kubomoa karatasi.

Lakini sikuziamini zile nusu. Nilizitumia kama mtu anavyotumia sabuni iliyobaki kipande, kwa kuhurumia tu. Neno langu la mwisho lilikuwa maji ya buluu, kwa sababu ndiyo yaliyonilea.

Jumatatu moja akaja Masika, mke wa mkulima wa Kyondo. Alikuwa na mtoto wa kike wa siku tisa mgongoni, uzazi wake wa kwanza. Alilalamika kiu isiyokatika na uchovu. Mama yake mzazi alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa sukari, akamwambia afisa tabibu hivyo kabla hajaulizwa, kwa sauti ya mtu anayesubiri zamu yake. Afisa akamleta kwangu.

Nilichemsha mkojo wake. Buluu ikawa kijani, ikawa njano, ikatulia kwenye rangi ya chungwa. Nikachukua nusu ya stripu, nikachovya, nikahesabu. Karatasi haikubadilika hata kidogo.

Nakumbuka nilivyosimama na vitu viwili mkononi, neli inasema ndiyo, kijiti kinasema hapana. Nikaona jibu ni rahisi: nimeipasua hii, wembe umeiharibu. Nikaitupa kwenye ndoo ya taka. Katika rejista nikaandika matokeo ya maji ya buluu, alama tatu za kujumlisha, na neno *kisukari*. Ile nusu ya stripu sikuiandika popote.

Afisa tabibu hakuwa na kipimo cha damu; kilikuwa Kasese. Alisoma alama zangu tatu, akakumbuka habari za mama wa Masika, akampa vidonge vya kushusha sukari. Akamkataza bundu, ugali wetu wa muhogo, isipokuwa tonge dogo. Na kwa kuwa aliamini vidonge vile hupita katika maziwa, akamwambia asimnyonyeshe mtoto.

"Atakunywa nini, musawo?" Masika aliuliza.

"Maziwa ya ng'ombe. Mchanganye na maji yaliyochemshwa."

Alimfunga mtoto mgongoni akaondoka. Alifunga ile nguo mara mbili, kana kwamba fundo la kwanza halikumtosha.

Alhamisi nilikwenda Kasese kuchukua kemikali, kama nilivyofanya kila mwezi. Mkuu alinikaribisha chai, akauliza habari za kituo, nami nikamsimulia habari ya Masika kwa majivuno kidogo, kwamba nimegundua ugonjwa mapema. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mtoto ana siku ngapi?"

"Tisa siku ile, Mkuu."

"Stripu ilisema nini?"

"Haikugeuka. Lakini niliipasua, Mkuu. Ilikuwa nusu."

"Rejista inasema nini juu ya stripu?"

"Sikuandika."

Hakunifokea. Aliinuka akafunga mlango. Alichukua unga wa glukosi, sukari ileile ambayo mwili huibeba ndani ya damu, akaukoroga katika maji. Katika kikombe cha pili akamimina maziwa ya chai yetu kabla hayajatiwa chochote. Akanipa wembe na stripu nzima. "Pasua."

Nikapasua. Nusu ya kwanza niliichovya katika glukosi. Ikageuka rangi papo hapo. Nusu ya pili nikaichovya katika maziwa. Haikugeuka. Akaniamuru nichemshe maji ya buluu na matone ya maziwa yale. Yakawa rangi ya chungwa. Rangi ya Masika.

Nikaiweka neli mezani.

"Ulidhani wembe wako umekata kimeng'enya?" Mkuu aliuliza.

Nieleze hapa, kwa ajili ya msiojua. Kimeng'enya ni protini inayofanya kazi ya kubadili kitu kimoja kuwa kingine. Ni mnyororo mrefu mno wa viungo vidogo, uliojikunja wenyewe, na katika kujikunja umeacha kijishimo chenye umbo lake. Umbo la kijishimo ndilo huamua ni molekuli gani itaingia na kubadilishwa, na ni ipi itabaki nje. Ukikitia kimeng'enya katika moto mnyororo unakunjuka, kijishimo kinapotea, na kazi inakwisha. Ndiyo maana kopo la stripu haliachwi juani. Lakini wembe unakata karatasi tu. Karatasi ile ina vimeng'enya visivyohesabika, na kila kimoja ni kidogo mno hata wembe haujui kama kipo. Nusu ya stripu ni stripu.

Mkuu alivuta glavu ya mpira kutoka kwenye boksi, akaishika wazi mbele yangu.

"Kimeng'enya cha stripu ni hii. Mkono wako ni glukosi. Vaa."

Nikavaa.

"Vua. Sasa nipe mkono." Akaushika mkono wangu kwa mkono wake, akavikamata vidole vyangu kwa nguvu, kidole gumba changu tu kikabaki nje. "Huu wangu ni sukari nyingine. Inaitwa galaktosi. Tukishikana hivi, sisi wawili ni sukari ya maziwa. Vaa glavu."

"Siwezi, Mkuu."

"Kwa nini? Mkono si uleule?"

"Umeshikwa."

"Umeshikwa. Glukosi imo ndani ya sukari ya maziwa, lakini imeshikwa, haiingii katika kijishimo. Na mimi peke yangu, hata ukiniachia, siingii, maana kidole changu kimoja kimeelekea upande usio wake. Stripu ilikutazama ikasema hakuna glukosi. Ilisema kweli." Akakigusa kidole gumba changu kilichobaki nje. "Lakini maji ya buluu hayana kijishimo. Yanataka kidole kimoja tu kilicho huru. Yamesalimiana na hiki, yakageuka rangi. Nayo yamesema kweli. Mwanamke aliyejifungua juzi, maziwa yamejaa, sukari ya maziwa kidogo hupita katika damu na kutoka na mkojo. Hana ugonjwa; kiu na uchovu ni vya kunyonyesha. Ana maziwa."

Bado alikuwa ameushika mkono wangu.

"Na mtoto," akasema, "tumboni mwake Mungu ameweka kimeng'enya chenye umbo la kupokea mikono miwili iliyoshikana na kuiachanisha. Ndivyo anavyoshiba. Wewe umemnyima. Nenda."

Nilifika kituoni Ijumaa asubuhi na kemikali zangu. Afisa tabibu alinisikiliza akiwa amesimama, na nilipomaliza alipiga meza.

"Musa! Umenifanya nitibu maziwa!"

Akaandika barua palepale: vidonge visimame, mama ale, mtoto anyonye, wote wawili wafike Kasese kupimwa damu. "Nenda mwenyewe," akasema. "Mimi nikienda watadhani amekufa mtu."

Boda boda ilinifikisha mwisho wa barabara. Kutoka hapo nilipanda kwa miguu kati ya mibuni, koti la maabara kwapani. Wenzangu Bwera walikuwa wakielekea msikitini. Mimi adhuhuri iliponikuta niliswali peke yangu kwenye kivuli cha migomba, swala ya msafiri, fupi, na katika sijda sikuomba kusamehewa. Niliomba niwakute hai.

Nilimsikia mtoto kabla sijaiona nyumba. Hakikuwa tena kile kilio cha mtoto mwenye njaa kinachopanda na kushuka. Kilikuwa chembamba, cha kuchoka. Mlangoni nilipokewa na mama mkwe wa Masika, mwanamke mfupi mwenye kitambaa cha kichwa cha kitenge, aliyekuwa amezaliwa ng'ambo ya mpaka.

"Weye njo ule mutu wa mikojo?"

"Ndiyo mimi, mama."

"Ingia uone kazi yako. Masika iko anatetemeka tangu asubui. Jasho, kama mutu analima. Vidonge nampa, bundu namunyima, sawa vile mulisema. Sisi tunatii. Mutoto anatapika maziwa ya ng'ombe."

Masika alikuwa ameketi sakafuni ameegemea ukuta, macho yamelegea, uso umelowa. Sukari yake ilikuwa imeshuka. Mtu mwenye afya tuliyempa dawa ya kushusha kitu ambacho hakikuwa juu, kisha tukamnyima chakula. Niliomba maji na sukari ya chai, nikakoroga vijiko vitatu, mkono ukinikumbusha siku yangu ya kwanza, nikamnywesha taratibu. Halafu ndizi mbivu. Mama mkwe alisimama juu yetu, mikono kiunoni.

"Munasema sukari inamuua, sasa unamupa sukari?"

"Mama, hana ugonjwa. Kosa ni langu. Nilipima maziwa nikadhani ni ugonjwa."

Akashusha mikono.

"Mukojo ulikudanganya, ama weye njo uliudanganya mukojo?"

"Mimi, mama. Mkojo ulisema kweli, nami sikuandika yote."

Masika alianza kurudi. Jasho likakauka, macho yakashika mahali. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Naweza kumunyonyesha?"

"Maziwa bado yapo?" niliuliza, na nilikuwa naogopa jibu kuliko nilivyowahi kuogopa jibu lolote.

Mama mkwe ndiye aliyejibu. "Yako. Kila asubui na kila mangaribi namukamua. Namwaga kwenye mugomba. Maziwa ya mama hayaachwi yalale ndani, yanaleta homa."

Desturi ile ya mwanamke ambaye hakuwahi kuingia darasani ndiyo iliyomlinda mjukuu wake na kosa langu. Nilitoka nje, kwa adabu, nikasimama kwenye huo mgomba. Kile kilio chembamba kiliendelea, kikakatika, kikaanza tena. Kisha kikakatika, na ukaja ukimya, na ndani ya ukimya huo nikasikia kupitia ukuta wa udongo sauti ndogo ya kumeza. Nikavaa koti langu jeupe, sijui kwa nini. Labda nilitaka niwe nimelivaa.

Kesho yake Kasese walimpima Masika damu. Sukari yake ilikuwa sawa. Jioni hiyo Mkuu alifika Bwera kwa gari la dawa, bila kunitumia habari. Aliomba rejista. Alama tatu niliziacha; nilipitisha mstari mmoja mwembamba juu ya lile neno *kisukari*, nikaandika: *Stripu: hakuna glukosi. Ilionekana siku ileile, haikuandikwa.* Nikatia sahihi. Yeye akatia yake chini ya yangu, ingawa hakuwa na kosa lolote.

"Mimi ndiye niliyekufundisha maji ya buluu," alisema. "Stripu sikukufundisha."

Baada ya hapo nilifanya kazi Bugoye, halafu nikarudi Kasese, na miaka ya mwisho niliketi kwenye kiti cha Mkuu, kwenye dirisha lilelile. Maji ya buluu tuliyaacha. Darubini zikapata taa, mashine zikaja zinazopima damu kabla mgonjwa hajamaliza kukaa. Nashukuru. Nashukuru kwa kila moja ya mashine hizo, ingawa ninaikumbuka harufu ya spiriti na ile subira ya kungoja rangi itulie. Nilimpokea kila mgeni kwa kikombe cha maji na vijiko vitatu. Nilimshika kila mmoja mkono nikamwambia avae glavu.

Mzee wangu alipougua mara ya mwisho nilikwenda kumwona. Hakuweza kusema. Aliukamata mkono wangu, vidole vyote, akaacha kidole gumba changu nje, akakigonga mara moja kwa kidole chake. Nilicheka, nikalia, na mke wake akadhani nimerukwa na akili. Namwombea kwa dua zangu. Najua naye aliniombea kwa zake.

Sasa nimestaafu. Muda wangu mwingi ni wa msikiti na wa shamba dogo. Vijana huniuliza kilichonisaidia kudumu, nami nawaambia kuwa kimeng'enya hakifanyi kiburi. Kimepewa umbo moja na Muumba wake, kinapokea kinachoingia, na kisichoingia hakijidai kukijua. Mimi nilikuwa na majibu mawili mkononi nikaficha moja kwa sababu sikulipenda. Tangu siku ile niliandika yote mawili, hata yalipogombana, nikamwachia anayejua zaidi yangu.

Siku waliyoniaga, walipika, wakahutubu, wakanipa saa ya ukutani. Katikati ya hotuba ya afisa wa wilaya nikasikia sauti mlangoni.

"Mupima-maziwa iko wapi?"

Ndilo jina langu Kyondo mpaka leo. Alikuwa mama mkwe wa Masika, amezeeka sana, ameshikwa huku na Masika na huku na yule mjukuu, mwanamke mzima sasa, mrefu kuliko wote wawili. Ukumbi mzima ukageuka. Bibi alifungua mtungi mdogo, akamimina maziwa katika kikombe cha bati, akaja nacho polepole hadi mbele yangu.

"Haya," akasema. "Hii usipime. Kunywa."

Nikasema Bismillahi, nikanywa yote.